SOMO LA UFUNDI: EGEMEO LA NYUMA LA PIKIPIKI NA BERINGI ZAKE



Somo letu la leo linaanzia katika ua mmoja wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, Jumamosi moja baada ya kazi za pamoja za mtaa. Mwenzetu mmoja, ambaye mchana ni mfanyakazi wa kiwanda na jioni hubeba abiria kwa pikipiki ili apate kuongeza chakula cha watoto, alituletea shida yake. Katika muda wa miezi michache alikuwa amekwisha kununua cheni mbili na tairi moja la nyuma. Kila alipokata kona akiwa na abiria, nyuma ya pikipiki kuliyumba kama kwamba tairi halina upepo. Kila alipoongeza mafuta alisikia mlio, tok, chini ya kiti. Sasa alikuwa amekopa fedha kwa jirani ili anunue cheni ya tatu.

Alikuwapo pamoja nasi fundi mmoja mzee kutoka Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa magereji yake. Yeye hakuitazama cheni. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, akashika ncha ya mkono wa nyuma kwa mkono mmoja na fremu kwa mkono wa pili, akasukuma kushoto na kulia. Tok, tok.

"Mwanangu," akasema, "wewe unanunua cheni, na ugonjwa uko kwenye egemeo."

"Lakini mzee, gurudumu linazunguka vizuri."

"Gurudumu ni jambo jingine. Hiki hakizunguki. Hiki kinabembea."

Neno hilo la mzee ndilo msingi wa somo hili. Tulifungua pikipiki ile siku hiyo hiyo, na yale tuliyojifunza tunayaandika hapa, kwa kuwa wengi wetu, wa viwandani na wa mashambani, twaishi kwa pikipiki: ama twaziendesha, ama tumebebwa juu yake asubuhi na jioni.

1. EGEMEO NI NINI

Gurudumu la nyuma halikufungwa moja kwa moja kwenye fremu. Limeshikwa na mkono wa chuma wenye panda mbili. Mwisho wa nyuma wa mkono huo unashika ekseli ya gurudumu. Mwisho wa mbele umefungwa kwenye fremu kwa pini moja ndefu, nyuma kidogo ya injini. Pini hiyo na vitu vinavyoizunguka ndivyo tunavyoviita egemeo. Pikipiki inapopita shimoni, mkono hupanda na kushuka juu ya egemeo hilo, na shokapu huuzuia usipande kwa nguvu.

Egemeo lina kazi mbili. La kwanza ni kuuacha mkono upande na kushuka bila kukwama. La pili ni kuuzuia usiende kushoto wala kulia hata kidogo. Kazi hii ya pili ndiyo inayolinda maisha. Nguvu yote ya injini hupita kwenye cheni na kuvuta gurudumu mbele; cheni iko upande mmoja tu, basi kila mvuto unataka kuupinda mkono. Egemeo likilegea, gurudumu la nyuma halifuati tena njia ya gurudumu la mbele. Cheni hulika upande mmoja, meno ya sproketi hulika upande mmoja, na tairi huliwa vibaya. Ndiyo sababu mwenzetu alikuwa akinunua cheni.

Ndani ya egemeo utakuta kimojawapo cha vitu vitatu. Pikipiki nyingi ndogo zina bushi za mpira: mrija wa chuma ndani, mrija wa chuma nje, na mpira ulioshikamana katikati. Nyingine zina bushi ngumu za plastiki au za shaba zinazobembea juu ya mrija wa chuma. Nyingine zina beringi za rola, mara nyingi rola nyembamba kama sindano. Kabla ya kufanya lolote, jua wewe unayo ipi, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

2. KWA NINI BERINGI INAYOBEMBEA HUFA

Beringi ya gurudumu huzunguka mizunguko mizima. Kila gololi hupita kila mahali, na kila mara hujipaka grisi upya. Mzigo hugawanyika.

Beringi ya egemeo haina bahati hiyo. Mkono unapanda na kushuka nyuzi chache tu. Rola haizunguki, hugeuka kidogo mbele, kidogo nyuma, mahali pale pale, siku zote. Grisi iliyokuwa chini yake husukumwa pembeni na hairudi. Chuma hubaki kinasugua chuma. Huanza kutoka unga mwekundu kama ugoro, ambao ni kutu ya chuma kilichosagika. Unga huo nao husaga kama msasa. Mwisho, kila rola hujichimbia kishimo chake. Tulipoutoa mrija wa pikipiki ya mwenzetu na kupitisha ukucha juu yake, tulivihisi vishimo hivyo mmoja baada ya mwingine, kama ngazi.

Basi, ndugu, beringi ya namna hii huharibiwa na kukauka kuliko inavyoharibiwa na umri. Pikipiki iliyotembea kidogo lakini haikufunguliwa miaka mitatu yaweza kuwa na egemeo bovu kuliko ile iliyotembea sana na kutiwa grisi kwa wakati. Wenzetu wa viwandani wataitambua habari hii: kila kiungo cha mashine kinachokwenda na kurudi kidogo tu, badala ya kuzunguka, huugua kwa njia hiyo hiyo.

Adui wa pili ni maji. Matope ya mvua, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, hurushwa na gurudumu moja kwa moja kwenye egemeo. Adui wa tatu ni sisi wenyewe, tunapoosha pikipiki kwa mpira wa maji wa nguvu na kuuelekeza kwenye sili. Maji huingia, grisi hutoka.

3. KUPIMA KWA MIKONO

Kipimo hiki hakitaki fedha. Chataka dakika mbili.

Kwanza, hakikisha tairi lina upepo wa kutosha. Tairi laini huiga ugonjwa wa egemeo.

Pili, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Kama stendi hiyo haipo, weka sanduku imara chini ya injini na mwenzako aishike.

Tatu, shika tairi juu na chini, ulitikise. Kama gurudumu linacheza lakini mkono umetulia, ubovu uko kwenye beringi za gurudumu, si kwenye egemeo.

Nne, shika ncha ya mkono karibu na ekseli, sukuma na vuta kwa upande. Mwenzako aweke kidole pale mkono unapokutana na fremu. Kidole hutambua mchezo ambao jicho haliuoni. Kwenye beringi na bushi ngumu usihisi mchezo wowote. Kwenye bushi ya mpira utahisi kunepa kidogo kwa mpira, lakini usisikie mgongano wa chuma.

Tano, ukiwa umekwisha kufungua shokapu na kutoa gurudumu, uinue mkono kisha uuache ushuke. Ukiwa na beringi nzuri, mkono hushuka kwa uzito wake, taratibu, bila kusita. Ukisita mahali pamoja, rola zimekwisha kujichimbia.

4. KUFUNGUA NA KUBADILISHA

Tandaza gunia safi. Kila kitu unachokitoa kiweke juu yake kwa mpangilio ule ule kilivyotoka, hasa washa. Washa moja ikisahauliwa, kazi yote ni bure.

Legeza nati ya egemeo kabla ya kutoa gurudumu, pikipiki ikiwa bado imesimama imara. Kisha toa cheni, mkono wa breki, gurudumu na bolti za chini za shokapu. Pini ikikataa kutoka, itie mafuta ya kulegeza kutu na uiache usiku kucha. Usiigonge kwa nyundo ya chuma. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya pini ili nyuzi zisiharibike, weka kipande cha mti mgumu au shaba, ndipo ugonge.

Osha vitu kwa mafuta ya taa au mazuti. Usitumie petroli katika ua wenye jiko la makaa karibu. Katika nyumba zetu zilizobanana, moto mmoja ni moto wa mtaa.

Sasa tazama. Mrija wenye vishimo au mistari hutupwa pamoja na beringi yake. Wengi hubadilisha beringi na kurudisha mrija wa zamani ili kuokoa fedha. Hiyo si akiba, kwa sababu rola za sindano hutembea moja kwa moja juu ya mrija huo. Rola mpya juu ya njia mbovu hazidumu.

Kutoa beringi kuukuu, igonge kwa ndani, kidogo huku, kidogo kule, isiende mshazari. Kuingiza mpya, usigonge kwa nyundo. Tafuta bolti ndefu, nati, na washa mbili kubwa. Weka beringi mdomoni mwa tundu, pitisha bolti, kaza nati polepole. Beringi itavutwa ndani ikiwa imenyooka. Upande wenye maandishi utazame nje, ndiko msukumo unakokaa. Nguvu ipite kwenye pete ya nje tu. Ukisukuma pete ya ndani au rola, umeiharibu kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Jaza grisi katikati ya rola kwa kidole, paka mrija wote na midomo ya sili. Tumia grisi ya lithiamu, namba 2, isiyochukuliwa na maji. Futa ile ya zamani yote. Grisi za namna mbili zikichanganyika huweza kuyeyuka na kutoka.

Lakini kwa bushi za mpira sheria ni nyingine. Usizipake grisi, kwani mafuta hula mpira wa kawaida. Na nati yake usiikaze mkono ukiwa unaning'inia. Shusha pikipiki ikae juu ya magurudumu yake, mtu mmoja aketi juu yake, ndipo ukaze. Sababu yake ni hii: mpira umeshikamana na chuma pande zote mbili, na hubembea kwa kujipinda. Ukiukaza mkono ukiwa chini, mpira utakaa umejipinda siku zote, na utachanika upesi.

5. KUKAZA

Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka hukosea. Mkono ukicheza, wao hukaza nati zaidi. Mchezo waweza kutulia kwa juma moja, lakini chuma kimebanwa mahali kisipopaswa, na baadaye hulegea vibaya kuliko kwanza. Katika egemeo lililofungwa sawasawa, nati huubana mrija wa ndani kati ya pande mbili za fremu, na mkono hubaki huru juu ya mrija huo. Ukikaza na mkono ukawa mgumu, simama: kuna washa iliyokosekana au mrija umelika ukawa mfupi.

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni-mita, na kila mtengenezaji huiandika kitabuni. Wasio na spana ya kupimia wasikate tamaa. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia majani ya chai au maharage, yatosha. Ifunge kwenye ncha ya spana na uvute kwa pembe ya mraba. Kilo 20 mwishoni mwa spana ya sentimita 25 ni karibu nyutoni-mita 50. Kilo 3 na nusu mwishoni mwa spana ya sentimita 20 ni karibu nyutoni-mita 7.

Ukimaliza, nyosha gurudumu kwa kufuata alama za pande zote mbili, na pima ulegevu wa cheni katikati. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 20 na 30. Nati yenye plastiki ndani, ikiwa sasa yageuka kwa vidole, itupwe. Yenye pini ya kupinda, pini iwe mpya.

6. PIKIPIKI ZA SHAFTI

Pikipiki zisizo na cheni ni chache mitaani kwetu, lakini fundi anayekutana nayo asiogope. BMW ya Ujerumani imetumia shafti tangu pikipiki yake ya kwanza, R 32 ya mwaka 1923. Shafti ina tabia moja: ukiongeza mafuta, nyuma ya pikipiki huinuka. Ili kupunguza jambo hilo, mwaka 1987 BMW ilitoa pikipiki zenye kiungo cha pili: gia ya nyuma haikushikamana na mkono, bali yabembea mwishoni mwake juu ya pini mbili fupi zenye beringi, na fimbo moja huishika isigeuke.

Beringi hizo ni ndugu wa zile za egemeo: hubembea nyuzi chache, hukauka, hujichimbia. Hupimwa kwa kulitikisa gurudumu juu na chini huku kidole kikiwa kwenye kiungo. Tofauti kubwa ni ukazaji. Katika jamii ya R 1100, pini ya upande unaorekebishwa hukazwa kwa nyutoni-mita 7 tu, nguvu ya mtoto. Kisha nati yake ya nje hukazwa kwa zaidi ya 100, pini ikiwa imeshikwa isigeuke. Anayekaza pini kwa hasira ameua beringi mpya. Na pini hizo zimetiwa gundi ya nyuzi. Hupashwa moto kwanza, bila kupita nyuzi joto 120, ndipo zifunguke.

7. KUSOMA NAMBA

Katika miaka ya 2022 hadi 2024, petroli na fedha za kigeni zilipoadimika nchini, vipuri navyo vilikuwa taabu kupatikana. Wakati wa shida muuzaji huweza kukwambia, "Hii itaingia tu." Jilinde kwa kusoma namba.

Beringi nyingi za gololi za gurudumu na za mota za viwandani zina namba iliyopigwa juu yake. Tarakimu mbili za mwisho hueleza tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04, zidisha kwa tano: 04 ni 20, 05 ni 25. Basi 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35 na unene 11. Lakini 6302, yenye tundu lile lile la 15, ina kipenyo cha nje 42 na unene 13. Herufi 2RS maana yake ina vifuniko viwili vya mpira. ZZ, vifuniko viwili vya chuma. Penye matope chagua vya mpira.

8. RATIBA YA UTUNZAJI

Kila juma: mtikiso wa mkono, dakika mbili.

Kila mwaka mara mbili, kwa pikipiki yenye beringi au bushi ngumu inayofanya kazi kila siku: fungua, osha, tia grisi. Mara ya kwanza iwe Agosti, kabla ya mvua. Mara ya pili Juni, matope yakiisha. Penye chuchu ya grisi, pampu hadi grisi kuukuu itoke na mpya ionekane.

Bushi za mpira hazitiwi kitu. Hutazamwa tu, mpira uliochanika au kuchomoza hubadilishwa.

9. PIKIPIKI YA KAZI NI CHOMBO CHA KAZI

Wako wenzetu wanaopewa pikipiki na mwajiri, kama wasimamizi wa mashamba ya chai na wapeleka barua. Barabara ya taifa namba 1 hupanda kutoka Bujumbura, karibu mita 800 juu ya bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa kona baada ya kona. Kuishuka njia hiyo na egemeo lililolegea, malori mbele na nyuma, ni kucheza na mauti.

Basi, anayeona mchezo aandike: tarehe, namba ya pikipiki, ubovu, na jina la aliyeambiwa. Maneno ya mdomo hupotea. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu 1963, lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Mkataba huo wataka alindwe mfanyakazi anayejitenga na kazi kwa sababu za haki za kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake. Juni 2022 Shirika hilo liliyaweka mazingira salama ya kazi katika haki za msingi ambazo wanachama wote watakiwa kuziheshimu. Lakini haki hiyo husaidiwa na ushahidi, na ushahidi huanza na mtu aliyejua kuutikisa mkono wa nyuma na kueleza alichohisi.

Mwenzetu wa Nyakabiga alinunua beringi mbili, mrija mmoja na sili zake. Fedha zilizobaki alimrudishia jirani jioni ile ile. Cheni ya tatu hakuinunua. Tulipomwuliza mzee fundi tumpe nini kwa kazi yake, alisema: "Nipeni chai, na mwafundishe wengine." Chai alikunywa. La pili tunalitimiza kwa somo hili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kuna tofauti gani kati ya beringi inayozunguka na inayobembea? Tajeni viungo vitatu vinavyobembea katika kiwanda au shamba lenu.
2. Kwa nini nati ya bushi ya mpira hukazwa pikipiki ikiwa juu ya magurudumu?
3. Beringi yenye namba 6204 ina tundu la milimita ngapi?
4. Katika tawi lenu, nani huandika ubovu wa vyombo vya kazi, na kitabu hicho kinakaa wapi?